Kwa nini "güle güle" si chekacheka: maneno pacha na misemo ya kila siku ya Kituruki

"Niko mwaka wa maandalizi ya lugha hapa Uturuki, nimefika B1, yaani kiwango cha kati. Kinachonishinda ni maneno yanayokwenda mawili mawili, pamoja na misemo ya kila siku. Insha yangu ilirudi na mstari mwekundu chini ya 'çok bembeyaz'. Nilimwambia mwalimu 'ödev mödev yapmadım' nikidhani ni namna ya kirafiki ya kusema sijamaliza kazi, akanuna. Nikitoka kwa jirani naaga 'güle güle', wanacheka. Na baya kuliko yote, jirani huyo alipofiwa na mama yake nilimwambia 'geçmiş olsun', maana ndilo neno la pole nililofundishwa, na sebule nzima ikanyamaza. Nina daftari lenye maneno pacha zaidi ya 300, nayakariri kila usiku na asubuhi yameyeyuka. Je, kuna kanuni, au ni kukariri tu? Na sisi wenye polepole na harakaraka, mbona Kiswahili hakinisaidii?"

Pole kwa yote hayo, hasa la msibani. Nianze na swali lako la mwisho, kwa sababu ndiko mzizi ulipo: Kiswahili kinakusaidia sana, ila kuna mahali kinakupotosha, na makosa yako karibu yote yametokea hapo.

Sisi tukirudufu kitenzi au kivumishi, mara nyingi tunakipunguza nguvu. Anayetembeatembea hana safari. Anayechekacheka hana kicheko cha maana. Uji wa majimaji haujawa maji, na kitambaa chekundu chekundu hakijafika wekundu kamili. Mturuki akirudufu hapunguzi. Anaongeza, au anaeleza namna jambo lilivyofanyika. "Kırmızı kırmızı domatesler" ni nyanya nyingi zilizoiva vizuri, kila moja nyekundu kweli, kama muuzaji anavyozisifia sokoni. Ukitaka wekundu uliofifia, Kituruki hakirudufu bali kinaongeza kiambishi mwishoni: kırmızımsı, yeşilimsi, sarımtırak. "Çorbayı sıcak sıcak iç" haina uvuguvugu wowote: maana yake kunywa supu ikingali ya moto. Na tembeatembea yetu ina kitenzi chake kabisa, dolaşmak au gezinmek. Ukisema "yürüye yürüye" umesema umetembea hasa: "Yürüye yürüye ayaklarım şişti", nimetembea mpaka miguu imevimba.

Zipo pacha ambazo lugha mbili zinakutana bila tatizo. Yavaş yavaş ni polepole, parça parça ni vipande vipande, adım adım ni hatua kwa hatua, ikişer ikişer ni wawili wawili. Hizo zifute kwenye daftari leo hii, unazijua tayari.

Kosa la pili la kuondoa ni kudhani kwamba maneno haya yote ni kundi moja. Kwa Kituruki huitwa ikileme, kutoka iki, yaani mbili, lakini chini ya jina hilo kuna mitambo kadhaa inayofanya kazi tofauti. Baadhi ina kanuni inayokuwezesha kutunga mwenyewe. Mingine haina, na hapo ni kumeza neno zima. Ukichanganya ndipo daftari linapokushinda.

Tuanze na "güle güle", kwa kuwa ni mtambo wenye kanuni safi. Chukua shina la kitenzi, ongeza -a au -e kufuata irabu ya mwisho, halafu rudia. Gül- (cheka) inazaa güle güle, koş- (kimbia) inazaa koşa koşa. Shina likiishia na irabu, y huingia katikati: ağla- inakuwa ağlaya ağlaya, oku- inakuwa okuya okuya. Git- hulainisha t: gide gide. Umbo hili hujibu swali "kwa namna gani?". "Koşa koşa geldi": alikuja mbio. "Bile bile yaptı": alifanya huku akijua, yaani makusudi. "Seve seve": kwa moyo mmoja. Pengine hueleza kurudia mpaka matokeo yapatikane, na ndiyo maana methali wanazipenda. "Damlaya damlaya göl olur", tone kwa tone ziwa hupatikana, ni dada wa haba na haba hujaza kibaba. "Sora sora Bağdat bulunur", kwa kuulizauliza Baghdad hupatikana, Mswahili angesema kuuliza si ujinga.

Kwa hiyo güle güle ni "ukicheka, kwa furaha". Mtu anakuombea uende huku ukicheka, sawa na sisi kusema nenda salama. Sasa unaona kwa nini jirani wanacheka: wewe unayeondoka unawaambia wao wanaobaki waende salama. Anayeondoka husema "hoşça kalın" (kaeni vyema), au "Allahaısmarladık" (tumewaachia Mungu), na anayebaki ndiye hujibu "güle güle". Kwaheri yetu hutumiwa na pande zote mbili, ndiyo iliyokuponza. Ukishajua maana ya ndani, utaelewa pia kwa nini mtu aliyenunua viatu vipya huambiwa "güle güle giy" (vivae kwa furaha), mwenye simu mpya "güle güle kullan" (itumie kwa furaha), na waliohamia nyumba mpya "güle güle oturun". Hakuna anayewafukuza.

Mtambo mwingine wenye kanuni ni wa kuambatanisha wakati wa mazoea na ukanushi wake: gelir gelmez, biter bitmez, görür görmez. Maana ni "mara tu". "Eve gelir gelmez yattı": alipofika tu nyumbani akalala. Wanafunzi wengi huweka viambishi vya nafsi humo, wakaandika "gelirim gelmez". Usiweke. Nafsi inakaa nje na wakati unabebwa na kitenzi kikuu: "Ben gelir gelmez çıktılar", nilipofika tu walitoka. Angalia tu chache zilizoganda na maana nyingine, kama ister istemez, ambayo ni "atake asitake".

Sasa "ödev mödev". Kanuni yake ni nyepesi kuliko zote, na hatari yake ni kubwa kuliko zote. Neno hurudiwa, na safari ya pili huanza na m: kitap mitap, çay may, para mara. Likianza na irabu, m hubandikwa mbele: ev mev, elma melma. Likiwa tayari linaanza na m, mtambo unakwama na watu husema falan au filan: masa falan, müdür falan. Viambishi hubandikwa kote kuwili: kitabı mitabı.

Maana yake ni "na vitu vya namna hiyo", lakini ndani kuna kupuuza. Kiswahili cha mtaani kina tafsiri kamili: wala nini. "Çay may istemem" ni "sitaki chai wala nini". "Para mara yok" ni "hakuna hela wala nini". Kwa hiyo mwalimu wako alisikia: "sijafanya kazi yako wala nini". Lazima anune. Kwenye sentensi ya kukubali huwa laini zaidi, kwa mfano "çay may içtik", tukanywa chai na nini na nini, na kati ya marafiki haina ubaya wowote. Lakini usiitumie kwa mwalimu, usiiandike katika insha wala barua ya maombi, na usiibandike kwenye jina la mtu. "Ali Mali tanımam" inamaanisha huyo Ali simtambui wala nini, na Ali akisikia amekwisha kutukanwa.

Hapa niseme jambo moja, maana nimeona wanafunzi wakiambiwa kwamba ikileme zote ni lugha ya mitaani. Si kweli. Ni hii ya m peke yake inayohitaji tahadhari kiasi hicho. Zile nyingine zimo katika magazeti, hotuba na vitabu, na insha isiyo na hata moja husomeka kama imeandikwa na mgeni.

Tuje kwenye bembeyaz, ambako Kiswahili kinakufaa ukikitumia vizuri. Wewe husema shati jeupe pe, mkaa mweusi ti, giza totoro, nguo zimelowa chapachapa. Husemi "jeupe pe sana", wala "jeupe pe zaidi kuliko lile". Ukishasema pe umefika kileleni. Bembeyaz ni "jeupe pe" iliyoshonwa katika neno moja, kwa hiyo çok, daha na en hazina nafasi mbele yake. Andika "bembeyaz bir gömlek" na mstari mwekundu utaondoka.

Jinsi inavyoundwa: chukua mwanzo wa neno mpaka irabu ya kwanza, ufunge kwa konsonanti moja kati ya p, m, r na s, kisha andika neno lenyewe, vyote pamoja bila nafasi. Beyaz inakuwa bembeyaz, siyah simsiyah, kırmızı kıpkırmızı, mavi masmavi, temiz tertemiz, yeni yepyeni, boş bomboş, dolu dopdolu. Swali la kila mwanafunzi ni konsonanti ipi. Jibu la uhakika lipo kwa kundi moja tu: neno linaloanza na irabu huchukua p daima, kama upuzun, apaçık, ipince. Kwa mengine kuna mwelekeo: p ndiyo ya kawaida zaidi, r ni adimu, na lugha hukwepa konsonanti ambayo tayari imo mwanzoni mwa neno. Sarı haiwezi kuwa "sassarı", ni sapsarı. Temiz ina m ndani, ikachukua r. Lakini mwelekeo si sheria, usitunge la kwako. Kama vile pe haiendi na weusi wala ti haiendi na weupe, kila neno la Kituruki limeshachagua mwenzake, nawe unayajifunza wote wawili kama neno moja.

Yapo machache yaliyozidi umbo hilo, na ni matamu: güpegündüz ni mchana kweupe, çırılçıplak ni uchi wa mnyama, sırılsıklam ni kulowa chapachapa, darmadağın ni shaghalabaghala, yapayalnız ni peke yake kabisa. Mkazo wa sauti kwenye maneno haya huanguka mwanzoni: BEM-beyaz, KIP-kırmızı. Ukiuweka mwishoni kama ulivyozoea katika maneno mengine ya Kituruki, hata herufi zikiwa sahihi neno linafifia.

Usichanganye na "güzel mi güzel". Hiyo mi inafanana na ya kuuliza lakini haiulizi chochote. Ni "mzuri ajabu", basi.

Sasa zile pacha ambazo nusu yake haina uhai. Eski püskü (kuukuu), eğri büğrü (vilivyopinda pinda), ufak tefek (vidogo vidogo), abur cubur (vya kutafuna ovyo visivyoshibisha), ıvır zıvır (takataka za hapa na pale), çoluk çocuk (watoto na familia). Ukiitafuta püskü au cubur peke yake, hupati maana ya kutumia. Nasi tunazo: hakuna anayejua bila kamusi shaghala ni nini na baghala ni nini, na hohehahe haigawanyiki. Hizi ni za kumeza. Ila kuna kitu kitakachokusaidia kukumbuka lipi linatangulia, na vitabu vingi vya kufundishia hukiruka: neno linaloanza na irabu hupenda kukaa mbele. Tazama ulichokisoma sasa hivi: eski püskü, eğri büğrü, ufak tefek, abur cubur, ıvır zıvır. Ongeza abuk sabuk (maneno ya kipuuzi), apar topar (kwa kukurupuka), ev bark (nyumba na familia), eş dost (marafiki na watu mnaofahamiana). Hata zile za kinyume hufuata: az çok, iyi kötü, er geç, aşağı yukarı. Zipo zinazovunja, kama yorgun argın (hoi kwa uchovu), lakini ukikwama kwenye mtihani, tanguliza irabu na mara nyingi utapata.

Mpangilio huo haugeuzwi. "Aşağı yukarı beş kilometre" ni kilomita kama tano hivi, lakini "yukarı aşağı" haina maana hiyo. Wala usichomeke ve katikati kwa sababu tu sisi husema usiku na mchana. Wao husema gece gündüz. Kwa kanuni za imla za Türk Dil Kurumu, taasisi ya lugha iliyoanzishwa 1932, ikileme huandikwa kwa nafasi katikati, bila koma na bila kistari. Bembeyaz na wenzake huandikwa pamoja. Machache yameungana yakawa nomino za kawaida: alışveriş (manunuzi, kwa asili kuchukua na kutoa), dedikodu (umbea).

Tanakali za sauti nazo huja pacha, na hizi hazikaririwi bila kitenzi chake. Şakır şakır ni ya mvua, lapa lapa ni ya theluji inayoanguka kwa mabonge, fokur fokur ni ya chungu kinachochemka, harıl harıl ni ya mtu anayechapa kazi. Kwa usingizi ziko mbili: mışıl mışıl ni usingizi mtamu wa mtoto, horul horul ni wa anayekoroma. Ukiandika tu "mışıl mışıl = fofofo" utalisahau. Andika "Bebek mışıl mışıl uyuyor" na litakaa, maana umelipa mahali pa kukaa. Hapo ndipo daftari lako la 300 lilipokosea: umeorodhesha maneno bila wenzake.

Misemo ina kanuni yake, nayo ni kujua nani mwenye kiungo. Katika "canım sıkıldı" (nimeboreka, nimekereka) kilichobanwa ni roho, si wewe. Nafsi inabebwa na nomino, kitenzi kinabaki vilevile: canım sıkıldı, canın sıkıldı, canı sıkıldı. Anayeandika "can sıkıldım" amesahau kwamba hata sisi husema roho yangu imetulia, si "nimetulia roho yangu". Katika "göz atmak", kutupia jicho, mtendaji ni mtu, hivyo kitenzi ndicho kinachobadilika: göz attım, göz attın. Na zipo zenye nafsi mahali pawili: "ağzı kulaklarına vardı", kinywa chake kimefika masikioni kwa furaha, ikiwa ni mimi inakuwa "ağzım kulaklarıma vardı". Kabla ya kukariri msemo wowote, uandike kwa mimi, wewe na yeye. Dakika mbili zinatosha, na kosa hilo halirudi.

Sasa msiba. Neno letu pole lina moyo mpana: linamfaa mgonjwa, aliyejikwaa, aliye kazini na aliyefiwa. Kituruki kimeligawa. Anayefanya kazi, awe fundi au karani, huambiwa "kolay gelsin", na ije kwa wepesi, yaani pole na kazi. Aliyeumwa, aliyepata ajali, hata aliyetoka kwenye mtihani mgumu, huambiwa "geçmiş olsun", na iwe imepita. Aliyefiwa huambiwa "başınız sağ olsun", kichwa chenu na kiwe salama. Geçmiş olsun inaombea jambo lipite na lisahaulike, ndiyo maana sebule ilinyamaza: mama hasahauliki. Hawakukuchukia, walijua wewe ni mgeni wa lugha. Rudi ukaseme "Başınız sağ olsun, Allah rahmet eylesin", la pili likiwa ni Mungu amrehemu. Hujachelewa. Familia nyingi za Kituruki hukumbuka siku ya 40 kama watu wetu wanavyofanya arobaini, na wageni huendelea kuja.

Mengi ya maneno haya yana jibu lake, nalo pia ni pacha, nusu yako na nusu ya mwenzako. Ukimwambia mpishi "elinize sağlık", afya kwa mikono yenu, atasema "afiyet olsun". Ukikaribishwa "hoş geldiniz", unajibu "hoş bulduk". Ukipiga chafya ukaambiwa "çok yaşa", ishi sana, jibu "sen de gör", nawe uone. Yakariri kwa kujibizana na mtu, si kwa kusoma.

Kwa hiyo usiku wa leo chukua kalamu. Kata zote za m, umeshajua kuzitunga. Kata za -a -e na za gelir gelmez. Zilizobaki zigawe tano kwa wiki, kila moja ndani ya sentensi yenye kitenzi chake, na uitumie angalau mara moja kwa mdomo kabla ya Jumapili.

Mambo mawili hayapatikani kwenye maandishi: mkazo wa sauti, na kujua neno linamfaa nani. Kwa hayo mwone mwalimu ana kwa ana, au nenda kwenye saa za mazungumzo za kozi. Mpe sentensi kumi, omba azisome, na akikuruhusu mrekodi. Ukiona bado unanyamaziwa watu wakisikia maneno yako, muulize huyo huyo, kwa sababu wenyeji wengi huona haya kumsahihisha mgeni.

Naye usimwendee na mödev. Mwambie: "Hocam, kusura bakmayın, ödevimi bitiremedim. Yarın getirebilir miyim?" Yaani samahani mwalimu, sikuweza kumaliza kazi yangu, naweza kuileta kesho? Akikujibu "getir bakalım", haya lete tuone, jua yameisha.